Kutembelea Mji wa Kale wa Lamu na Magofu ya Visiwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayotufikia zaidi kutoka kwa wageni wanaoteremka gatini Lamu: wanafunzi, familia za Nairobi na Mombasa, ndugu kutoka Tanga na Unguja. Ukiwa na nafasi ya kushika jambo moja tu kabla ya kuja, lisiwe bei wala saa za kufunguliwa. Liwe hili: mji huu unakaliwa. Nyuma ya mlango wa nakshi unaoupiga picha yuko mtu anayepika, anayesoma, au aliyejilaza baada ya adhuhuri. Majibu mengi hapa chini yanatokana na hilo.

Lamu kuna nini hasa cha kuona?

Kwanza ni mji wenyewe. Mji wa Kale, eneo la kama hekta 16, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kwa kuwa ndio mji wa Waswahili mkongwe na uliohifadhika kuliko yote Afrika Mashariki. Miji mingine mingi ya pwani ilihamwa ikabaki magofu, Lamu haikuhamwa. Upande wa kaskazini ni Mkomani, kwenye majumba makubwa ya mawe; upande wa kusini ni Langoni, uliko Msikiti wa Riyadha.

Ndani ya mji kuna majengo yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya: Ngome, Makumbusho ya Lamu yanayoelekea bahari, Nyumba ya Kiswahili, na iliyokuwa Posta ya Wajerumani. Nje ya mji kuna magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda, na Siyu, Shanga na mji wa Pate katika kisiwa cha Pate.

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Anzia Ngomeni, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ngome iko pale uwanjani Mkunguni, karibu na soko, na wazee wengi huketi hapo mbele. Ilianza kujengwa mwaka 1813, muda mfupi baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wapate na akina Mazrui, watawala wa Mombasa, katika vita vya Shela, kijiji jirani, ikamalizika mwaka 1821. Ushindi ule haukuwapa Walamu usingizi. Walijua adui angerudi, wakamwomba Sayyid Said wa Omani awalinde, naye akaleta liwali na askari. Kwa hivyo kuta unazozigusa pale ndizo zilizofungua mlango wa utawala wa Waomani Lamu. Baadaye, kuanzia 1910 hadi 1984, jengo hilo lilikuwa gereza. Panda juu kabisa uutazame mji: mapaa ya makuti, mabati, minara, na bahari nyuma yake. Ramani ya mji itakukaa kichwani vizuri zaidi ukiuona kutoka huko.

Ukitoka hapo, nenda Makumbusho ya Lamu uone siwa mbili, yaani baragumu kubwa za heshima. Moja ni ya pembe ya ndovu, ilitoka Pate. Nyingine ni ya shaba, ya Lamu yenyewe. Siwa zilipulizwa kwenye harusi za watu wa nasaba na shughuli za watawala, na asiyekuwa na haki hakuruhusiwa kuipuliza. Wageni wengi huzitupia jicho wakapita kukimbilia mifano ya vyombo vya bahari. Simama. Katika mwambao wote huu kuna vitu vichache vya kuchongwa vinavyofikia ile siwa ya Pate.

Mchana watu hupumzika, nawe pumzika. Alasiri ingia Nyumba ya Kiswahili, kisha umalizie Posta ya Wajerumani. Hiyo posta ni chumba kidogo, utakimaliza upesi, lakini kina kisa chake. Ilifunguliwa Novemba 1888 na kufungwa Machi 1891, wakati Wajerumani walipokuwa na himaya yao Witu, bara ya Lamu. Sultani Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba, mtu wa ukoo wa Nabahani wa Pate, aliwakaribisha ndugu wawili wa Denhardt mwaka 1885 ili apate ngao dhidi ya Zanzibar. Mwaka 1890 Wajerumani walimwachia Mwingereza eneo hilo kwa mkataba uliotiwa saini huko Ulaya.

Tiketi hununuliwa wapi, na ni bei gani?

Bei hutofautiana kwa raia wa Kenya, mkazi, na mgeni wa nje. Watoto na wanafunzi hulipa bei ya chini. Siku hizi malipo ya makumbusho hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, kwa simu. Fungua akaunti yako nyumbani kabla ya safari ili usihangaike mlangoni, na bei ya siku hiyo utaiona humo humo. Njoo na kitambulisho. Kutembea mjini hakuna kiingilio.

Naweza kuingia katika nyumba za watu?

Ukialikwa, naam. Usipoalikwa, hapana, hata mlango ukiwa wazi.

Swali hili tunapenda kulijibu kwa urefu, kwa sababu nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa makusudi kumpokea mgeni hatua kwa hatua. Nje kuna daka, lenye mabaraza ya mawe pande mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba huzungumza na mtu asiyekuwa wa ndani. Ukivuka mlango unaingia tekani, na njia inapinda, ili aliyesimama nje asiweze kuona ndani. Halafu kiwanda, uwa ulio wazi juu, unaoleta mwanga na upepo. Baada yake misana, vyumba virefu vyembamba vilivyofuatana, na mwisho kabisa ndani, mahali pa mama mwenye nyumba, palipo na faragha kuliko pote. Kadiri unavyoingia ndivyo sakafu inavyopanda kidogo kidogo na ndivyo nakshi za chokaa zinavyozidi. Katika nyumba za wenye uwezo, ukuta wa ndani hujaa zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu, ambamo sahani na mabakuli ya Kichina yaliwekwa.

Upana wa vyumba uliamuliwa na mti. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba uzito wa sakafu ya mawe ikirefushwa sana. Kwa hivyo chumba huwa chembamba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, hata kama mwenyewe alikuwa tajiri wa kupindukia. Chooni angalia birika la maji: ndani yake huwekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu.

Yote haya utayaona Nyumba ya Kiswahili bila kumsumbua mtu. Mtunzaji wa hapo akikueleza, mpe muda wako. Nyumba kadhaa za kale pia zimegeuzwa kuwa za kulala wageni, na kulala usiku mmoja chini ya boriti kutakufundisha kuhusu upepo wa kiwanda kuliko maelezo yoyote ya ukutani.

Na hayo mabaraza ya nje? Ukichoka kwa jua, toa salamu kwanza, uliza, kisha ukae. Mara nyingi utaambiwa karibu. Lakini usitandaze mikoba yako na chakula kwenye daka la mtu.

Wasiokuwa Waislamu wanaruhusiwa misikitini?

Misikiti ya Lamu ni ya ibada, nayo ni mingi. Usiingie kwa kujipeleka. Msikiti wa Pwani, ulio karibu na Ngome, unatajwa kuwa wa mwaka 1370, ndio wa zamani kuliko yote mjini. Utautazama ukiwa nje. Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, ulijengwa karibu mwaka 1900, ukawa chuo kilichovuta wanafunzi kutoka mwambao wote. Ukitaka kuuona ndani, mwombe mwenyeji akuulizie kwa wahusika, uje umevaa vizuri, nje ya nyakati za swala, na ukubali jibu utakalopewa. Ijumaa adhuhuri usipange ziara yoyote mjini. Shela nako kuna Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829, unaonekana kutoka mbali kwa mnara wake.

Nivaeje?

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Nguo za kuogelea ni za ufukweni Shela, si za barabarani. Dada, leso moja kwenye mkoba itakutosha kwa dharura zote.

Naruhusiwa kupiga picha?

Majengo, vichochoro, mashua na punda, piga. Watu, uliza kwanza, na ukiambiwa hapana usibishane wala usijifanye unapiga ukuta. Usiwapige wanawake waliovaa buibui kwa kuvizia. Hilo limewaudhi watu kwa miaka mingi na ndilo lawama kubwa kuhusu wageni. Watoto wa madrasa nao wana wazazi wao. Ndani ya makumbusho, uliza mapokezi. Droni isirushwe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na hata ukiwa na kibali kumbuka kwamba nyumba hizi hazina paa juu ya kiwanda. Ukirusha droni juu ya Mkomani umeingia ndani ya nyumba za watu.

Kwa nini baadhi ya nyumba za kale zinamomonyoka, na nyingine zinaonekana mpya kabisa?

Nyumba hizi zimejengwa kwa matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni za mikoko, kisha kuyaacha mpaka yawe unga. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu na kuutoa. Unahitaji kupakwa chokaa tena kila baada ya muda, na boriti zilizooza zibadilishwe kabla hazijashusha dari. Ni kazi isiyokwisha, na fundi anayeijua si rahisi kupatikana wala si rahisi bei.

Ndipo mwenye nyumba, au wakati mwingine mnunuzi kutoka mbali, hupiga plasta ya simenti. Mwaka wa kwanza ukuta hung'aa. Lakini simenti huziba, maji na chumvi hubaki ndani ya matumbawe, na baada ya miaka kadhaa plasta hubanduka ikiwa imeng'ata jiwe. Hasara hiyo hairudishiki. Tunalisema bila kumlaumu mwenye nyumba: nyumba ya urithi ina warithi kumi na wawili, mmoja yuko Mombasa, mwingine Jeddah, na anayekaa humo ni bibi mmoja mwenye kipato kidogo. Nyumba nyingi zimeanguka kwa sababu ya mirathi, si kwa kutojali.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inalinda mji huu, na ujenzi ndani ya eneo la hifadhi unahitaji ushauri na idhini. Mgeni anaweza kusaidia kwa njia ya moja kwa moja sana: ukichagua pa kulala, uliza kama nyumba imekarabatiwa kwa chokaa. Swali hilo likiulizwa na wengi, wenye nyumba wataona kuwa chokaa ina soko.

Takwa naendaje, na ni lazima nifuate maji?

Ni lazima. Takwa iko upande wa pili wa kisiwa cha Manda, na mashua huifikia kwa mkondo unaopita katikati ya mikoko. Maji yakipwa mkondo hubaki tope. Kwa hiyo nahodha ndiye atakayekuambia saa ya kuondoka, wala si wewe utakayemwambia. Kama maji yanajaa saa tatu asubuhi, mtaondoka mapema, mtembee, na mtoke kabla hayajawaacha. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka sana, muda wa kukaa ni mfupi. Siku za maji mafu huenda chombo kisifike karibu kabisa. Mwulize nahodha siku moja kabla. Yeyote anayekuambia "twende saa yoyote" hajafikiria kurudi.

Mji wenyewe ulistawi karne ya 15 hadi ya 17, kisha ukahamwa. Wenyeji wake walivuka kwenda Shela, na watu wa Shela mpaka leo wanajihesabu kuwa na asili yao hapo. Huenda kuzuru na kuomba mvua kwenye kaburi la nguzo. Ndiyo sababu tunawaomba wageni wasilipande wala kuliegemea kaburi hilo. Msikiti wa Ijumaa unastahili nusu saa yako peke yake: juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo, jambo usiloliona misikitini kwa kawaida. Mibuyu ni mingi. Chukua maji ya kunywa, kofia na dawa ya mbu. Duka hakuna.

Na kisiwa cha Pate? Ni safari ya kwenda na kurudi siku moja?

Kwa boti ya kasi yawezekana, lakini tunakushauri ulale. Pate haikupangwa kwa ajili ya watalii, na huo ndio uzuri wake. Siyu kuna ngome ya karne ya 19 kando ya mkono wa bahari, na nyuma yake mji uliosifika kwa ushonaji wa ngozi, uchongaji na unakili wa misahafu. Siyu chini ya Bwana Mataka ilimshinda Sayyid Said katika miaka ya 1840, wakati karibu mwambao wote ulikuwa umeshasalimu amri. Ilianguka mwaka 1863 tu, zamani za Sultani Majid wa Zanzibar. Mke wa Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona binti Msham, mshairi. Wageni wanaolijua jina lake kutoka shuleni hushangaa kusikia kwamba aliishi huku.

Shanga ni mwendo wa mguu kutoka Siyu, na upangwe na mwenyeji. Hapo mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba katika miaka ya 1980, wakakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya kale zaidi, mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya miti na udongo, ya karne ya 8. Kila mara ilijengwa upya na watu wa pale pale, kutoka udongo hadi jiwe. Anayedhani miji yetu ililetwa na majahazi ikiwa tayari imekamilika, aende Shanga.

Msimu gani ni mzuri?

Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni shwari lakini joto ni kali. Masika ya Aprili na Mei huleta mvua na bahari mbaya. Safari za Pate huahirishwa. Julai hadi Oktoba hali ni ya kupendeza. Mwezi wa Ramadhani majengo hufunguliwa, ila mchana hutapata pa kula kwa urahisi, na usile wala kunywa njiani. Maulidi ya Mfungo Sita huujaza mji: watu huja kutoka Komoro, Unguja na Somalia kwa ajili ya Riyadha, na kuna mashindano ya punda na ya mashua. Malazi yatafute miezi kabla.

Nafikaje, na usalama ukoje?

Kwa ndege unatua Manda, kisha unavuka kwa boti. Kwa basi unatoka Mombasa au Malindi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu boti. Barabara sasa ni ya lami. Safiri mchana, beba kitambulisho kwa kuwa kuna vizuizi vya ukaguzi, na sikiliza habari za siku hizo, maana sehemu za bara za kaunti zimewahi kushambuliwa. Kisiwani wenyeji hutembea usiku bila wasiwasi. Mjini hakuna magari, ukisikia "simile!" nyuma yako, bana ukutani, punda anapita na mzigo wa mawe.

Namleta mzazi mzee. Ataweza?

Barabara ya pwani ni tambarare, na Mkunguni hufikika. Ngazi za Ngome na za nyumba za mawe ni za mwinuko na hazina pa kushika. Kiti cha magurudumu kitapata shida vichochoroni. Gatini, mwite baharia amshike mkono. Wanajua, wanawashika bibi zao kila siku.

Nahitaji mwongozaji?

Mjini si lazima, ila mwenye kibali cha kazi hiyo atakuonyesha usichokiona. Patana bei kabla ya kuanza. Mwulize swali moja kuhusu mtaa wake. Mtu wa mji utamjua kwa jibu lake. Takwa na Pate usiende peke yako.

Nimeona mlango wa kale unauzwa. Nikinunua nitakuwa nimeuokoa?

Hapana. Mlango wa kale ukitoka, ukuta uliobaki umepoteza kitu, na anayefuata atauza wake. Vitu vya kale havitolewi nchini bila kibali, na vigae unavyoviona magofuni haviokotwi, hata kimoja chenye rangi ya kupendeza: mahali kilipolala ndipo kilipo na maana kwa mtafiti. Nenda karakana za mafundi wa nakshi mjini, agiza kipya. Kijana anayeshika patasi leo atabaki na kazi.

Napitia Malindi njiani. Nisimame?

Simama, na siku nzima uipe Gedi, magofu ya mji wa kale yaliyo kusini mwa Malindi kuelekea Watamu. Iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuichimba mwaka 1948. Kuna kaburi lenye tarehe ya 1399, jumba la mfalme, msikiti mkuu na visima virefu, vyote ndani ya msitu. Wareno walikaa Malindi miaka mingi, na hawakuwahi kuitaja Gedi katika maandishi yao. Malindi mjini utaona nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, na kanisa dogo la Wareno, ambapo Francis Xavier alipita mwaka 1542.

Nikiona ukuta umepasuka au mtu anang'oa mawe, nimwambie nani?

Nenda ofisi ya Makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari, siku hiyo hiyo. Piga picha, andika jina la mtaa au jina la msikiti ulio karibu, usiguse kitu. Ukiwa Takwa, mwambie mtunzaji wa hapo kabla hujapanda chombo.